Penseli ya Kimathi

Sanamu ya Dedan Kimathi, pale Nairobi, Barabara ya Kimathi inapokutana na ya Mama Ngina, imeshika bunduki mkono wa kulia na kisu mkono wa kushoto. Nina saiba ndogo si mbali na hapo. Nachapa barua za watu, natoa kopi, naskani vyeti, na jioni nikielekea steji napita chini yake. Kila nikipita naitazama ile mikono na kusema moyoni kwamba kuna kitu wamemnyima. Hawakumpa kalamu.

Silaha alizibeba kweli, na waliomsaka walikuwa na sababu ya kumwogopa. Lakini kati ya viongozi wa Mau Mau, wale waliopigana na mkoloni Mwingereza, sijasikia mwingine aliyependa karatasi kama yeye. Alizaliwa Tetu, Nyeri, mwaka 1920. Alisoma Karuna-ini, kisha Tumutumu kwa wamishenari, akakaa jeshini muda mfupi, akahangaika na vibarua vya hapa na pale, akafundisha shule, halafu akawa katibu wa chama cha siasa cha KAU (Kenya African Union) upande wa Ol Kalou na Thomson's Falls, mji tunaouita Nyahururu leo. Katibu, jamani. Hali ya Hatari ilipotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952 na watu wakaanza kuingia msitu wa Nyandarua, huyu aliingia akiwa na mazoea ya mtu aliyeshika daftari la chama.

Na huko msituni hakuliacha. Aliandikia vikosi, aliandikia maofisa wa serikali, alitaka mikutano iwekewe kumbukumbu na majina ya wapiganaji yaorodheshwe. Mwaka 1953 waliunda Baraza la Ulinzi la Kenya, na Februari 1954 wakaunda Bunge la Kenya, bunge lililokaa chini ya miti kwenye baridi inayokausha vidole. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na nadhani Kimathi alihofia kwamba damu nayo ingeisha vivyo hivyo. Si wote walioupenda mtindo huo. Stanley Mathenge, mpiganaji aliyeheshimiwa sana na ambaye hakupitia shule, alitofautiana naye, na waliokuwa upande wa Mathenge waliwashuku hawa wasomi na makaratasi yao. Ugomvi huo uliwagawa watu waliokuwa wakiwindwa na adui mmoja. Ninapoufikiria huwa naumia, maana kila upande ulikuwa na hoja. Asiyejua kusoma ana haki ya kumtilia shaka anayeandika jina lake kwenye orodha asiyoweza kuikagua.

Lakini huyu Kimathi wa daftari siye niliyemjua utotoni. Wangu alikuwa chui.

Shosho, mama yake mama, ndiye aliyenipa huyo wa kwanza. Tulikuwa tukienda kwake Nyeri likizo zikifika, na jioni akimenya viazi alitusimulia. Askari walimzingira Kimathi bondeni, wakaja kushtuka bunduki zao zimeelekezwa kwenye jiwe. Alivaa suti ya mzungu, akapaka uso wake, akaingia mjini akanywa chai na maofisa. Aligeuka ndege. Aligeuka chui, akapita katikati ya kambi, mbwa wakalala. Niliyoipenda kuliko zote ni ile ya barua. Kimathi alimwandikia ofisa wa polisi: kesho nitafika kwako. Wakaweka askari kila kona. Kesho yake akaja mgeni nadhifu, wakasalimiana, wakazungumza mambo ya mvua, akaondoka. Ofisa alipogeuka mezani akakuta barua ya pili: asante kwa kunipokea.

Sasa ona. Hata kwenye hadithi za watu wasiojua kusoma, Kimathi aliandika barua. Shosho hakuwahi kushika kitabu zaidi ya cha nyimbo za kanisa, ambacho alikijua kwa moyo, lakini shujaa wake alimshinda mzungu kwa karatasi.

Wanafunzi wengi huja kwangu na kazi za shule kuhusu mashujaa, hasa Oktoba inapokaribia. Wanataka picha mbili tatu na maelezo ya kubandika. Kuna mvulana aliyenitazama nikimtolea picha ya Kimathi akaniuliza kwa uso wa kutaka jibu kamili, "Madam, ni ukweli alikuwa anageuka chui?" Nilimwambia ninachojua. Siku aliyokamatwa alikuwa amevaa ngozi ya chui. Wapiganaji walitembea usiku, wakajifunza kupita bila kuvunja kijiti. Hawakuoga kwa sabuni, na pua zao zilizoea msitu hata wakaweza kunusa sabuni na sigara za wanajeshi kabla ya kuwaona. Mwanajeshi aliyetoka Uingereza juzi, aliyepita mahali akasikia kimya kitupu na kesho yake akaambiwa walikuwapo watu arubaini pale pale, angesema nini? Na raia aliyeona nyayo zikiishia kwenye maji angesema nini? Mvulana aliandika yote. Kisha akaniuliza kama anaweza kuweka chui kwenye jalada la kazi yake hata hivyo. Nikamtafutia picha nzuri ya chui.

Nilimtafutia kwa sababu ile hadithi ilifanya kazi kubwa ambayo watu wa umri wangu hatuipimi vizuri. Kuanzia mwaka 1954 serikali ya mkoloni iliwahamisha zaidi ya watu milioni 1 kutoka kwenye maboma yao na kuwasonga katika vijiji vilivyozungushiwa seng'enge na mahandaki. Nyumba zao za zamani zilitiwa moto. Kisha wakalazimishwa kuchimba handaki refu kwenye ukingo wa msitu, lenye vijiti vilivyochongwa ncha chini yake, ili chakula kisifike kwa wapiganaji. Shosho alichimba hilo handaki. Alikuwa mama mwenye mtoto mgongoni, anachimba kutwa nzima chini ya askari mwenye kiboko, anachimba shimo la kumnyima chakula ndugu yake mwenyewe aliyekuwa upande wa pili. Jioni anarudi kibandani kabla ya kafyu. Mtu wa namna hiyo anahitaji kujua kwamba huko ng'ambo ya handaki yupo mmoja asiyekamatika. Habari hiyo haikuandikwa popote. Askari wakipekua kiondo hawaikuti, wakichoma nyumba haiungui.

Hapa Nairobi mambo hayakuwa mepesi pia. Tarehe 24 Aprili 1954 mji ulizingirwa katika operesheni waliyoiita Anvil, na Wagikuyu, Waembu na Wameru wakakusanywa mitaani kwa maelfu, wakachujwa, wengi wakapakiwa kwenye malori na garimoshi hadi vizuizini. Risasi, dawa, fedha na barua zilizokuwa zikitoka mjini kwenda msituni zilikatika. Kuanzia hapo vita vya msituni vilikuwa vya watu wenye njaa.

Mkoloni naye alikuwa na Kimathi wake, na huyo alimpiga picha. Tarehe 21 Oktoba 1956, alfajiri, ukingoni mwa msitu kule Tetu, Kimathi alipigwa risasi na askari wa kikabila aliyeitwa Ndirangu Mau, akakamatwa. Picha mnaijua: amelala kwenye machela, mikono imefungwa pingu, nywele zimesokotana, ngozi ya chui imemzunguka, macho yako wazi. Vipeperushi vyenye picha hiyo vilitawanywa kwa maelfu ili watu waone kwamba mambo yamekwisha, kwamba yule wao wa ajabu ni mnyama wa mwituni tu aliyenaswa.

Mwezi uliofuata akapelekwa kortini Nyeri, mbele ya Jaji Mkuu Kenneth O'Connor. Watu wengi hushangaa nikiwaambia alichoshtakiwa nacho. Hakushtakiwa kwa kuua. Alishtakiwa kwa kupatikana na bastola na risasi, kosa ambalo chini ya sheria za Hali ya Hatari lilitosha kumnyonga mtu. Katika miaka ile walinyongwa watu 1,090 kwa makosa yaliyohusishwa na Mau Mau, kwa hiyo mashine ilikuwa tayari na kamba imeshapimwa. Kimathi alitoa ushahidi kwa maneno yake mwenyewe, akaeleza kwamba alikuwa njiani kwenda kujisalimisha. Jaji hakumwamini.

Najua wapo wasioipenda sehemu hiyo. Nimeshawahi kubishana na kijana mmoja mteja wangu aliyesema maneno hayo yasitajwe, yanamshusha shujaa. Mimi naona yanamleta karibu. Kufikia mwaka 1956 alikuwa amebaki na watu wachache, wengi wamekufa au wamekamatwa, na waliokuwa wapiganaji wenzake walishageuzwa kuwa wawindaji wake. Mtu aliyepitia hayo, akiwa na jeraha la risasi, akasimama mbele ya jaji mzungu na kueleza na kupigania uhai wake kwa hoja, hajapungua kitu. Chui hawezi kufanya hivyo. Mwalimu anaweza.

Jalada la kesi hiyo lilidhaniwa limepotea kwa miongo mingi. Lilipopatikana na kuchapishwa kama kitabu mwaka 2017, nililisoma usiku kucha kwa siku mfululizo, kurasa za maswali na majibu, na nikaacha kabisa kumwona kama picha ya kwenye machela.

Na kuna ile barua. Usiku wa kuamkia tarehe 18 Februari 1957, katika gereza la Kamiti, akiwa anajua kwamba asubuhi atanyongwa, Kimathi alishika penseli na karatasi akamwandikia Padri Marino wa misheni ya Nyeri. Anasema mwenyewe kwamba ni usiku wa saa saba hivi. Barua yenyewe haina hata mstari mmoja wa kutisha. Anashukuru waliomtembelea na kumletea vitabu. Anamkumbusha padri habari za mwanawe, kwamba asomeshwe, aanze shule mapema. Anamtaja mama yake ambaye amezeeka na amejaa huzuni, anaomba afarijiwe. Anamtaja mkewe Mukami, naye yumo kizuizini Kamiti hapo hapo, anaomba akitoka awepo wa kumfariji. Anaaga.

Barua za kuomba karo nachapa kila siku. Wazazi husimama kando ya kiti changu wakanitajia jina la shule, jina la mtoto, kidato, na neno "tafadhali" mara nyingi kuliko inavyohitajika. Nikisoma barua ya Kimathi nasikia sauti hiyo hiyo ya mzazi. Mtu ambaye dola ya Uingereza ilimpangia vikosi na ndege za kivita, usiku wake wa mwisho aliutumia kumtafutia mtoto shule. Hiyo ndiyo picha ninayoibeba mimi nikisikia neno uhuru: mtoto aanze shule mapema, mama mzee afarijiwe, mke atoke gerezani. Ardhi aliyoipigania ilikuwa ya kuyabeba hayo.

Walimzika Kamiti bila alama.

Baada ya hapo ni miaka ya kimya, nami nitaipita haraka kwa sababu inanikera. Mwaka 1962 Jomo Kenyatta aliwaambia watu kwamba Mau Mau ilikuwa ugonjwa uliokwisha na usikumbukwe tena. Barabara ya Hardinge ikapewa jina la Kimathi, ni kweli, lakini marufuku ambayo mkoloni aliiwekea Mau Mau mwaka 1950 ilibaki kwenye vitabu vya sheria vya Kenya huru hadi 2003. Miaka arubaini ya uhuru, na waliopigana bado kisheria ni wanachama wa chama haramu. Nelson Mandela alipokuja Nairobi Julai 1990, miezi michache tu tangu atoke gerezani, alimtaja Kimathi pale Kasarani kati ya waliompa moyo. Ilibidi mgeni aseme. Sanamu tuliipata tarehe 18 Februari 2007, miaka 50 kamili tangu anyongwe, ikazinduliwa na Rais Mwai Kibaki.

Karatasi nazo zilikuwa na safari yake. Waingereza walipokaribia kuondoka walichoma majalada mengi na mengine wakayapandisha ndege. Mwaka 2011, wazee wetu wakiwa wameshtaki London, serikali ya huko ilikiri kwamba majalada hayo yapo, yamefichwa katika jengo moja linaloitwa Hanslope Park: ya Kenya pekee majalada kama 1,500 kwenye masanduku 300. Ndani yake mlikuwa na ushahidi wa mateso ambao wazee walikuwa wameusimulia miaka yote wakiambiwa wanazidisha chumvi. Juni 2013 Uingereza ilieleza masikitiko yake na kukubali kuwalipa watu 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9. Kesi nyingine ya zaidi ya watu 40,000, ambayo kwenye rekodi za mahakama ya London inabeba jina la Kimathi na wenzake, ilitupwa mwaka 2018 kwa sababu muda ulikuwa umepita mno.

Mmoja wa hao 40,000 na ushee alikuja kwangu. Mama mzee, amevuka themanini, ameshikwa mkono na mjukuu aliyevaa sare za askari wa bawabu. Ngazi za jengo letu ni mbaya, kwa hiyo alipofika alikaa kwanza akanywa maji. Halafu akatoa mfuko wa nailoni wa zamani, ile iliyopigwa marufuku mwaka 2017, umekunjwa mara nyingi hadi umekuwa laini kama kitambaa. Ndani mlikuwa na risiti ya kujiandikisha kwa wakala fulani aliyepita kijijini kwao akiahidi malipo, kopi ya kitambulisho, na karatasi nyingine iliyofifia kabisa, haisomeki hata ukiiweka kwenye mwanga. Wakala hakuonekana tena. Alitaka barua mpya. Iende wapi? "Serikalini," akasema. Serikali ipi, shosho? Akafikiria. "Zote mbili."

Tukaanza. Aliongea Kiswahili akichanganya na Kigikuyu, mjukuu akijaza pengo. Alikuwa msichana mdogo, kama miaka kumi na mbili hivi, walipomchagua kupeleka vitu msituni. Walimchagua kwa sababu alikuwa mfupi na askari hawakumjali. Kiondo kiliwekwa nduma juu, zenye matope, ili anayepekua asitake kuingiza mkono. Chini yake barua, zimekunjwa ndogo kama kidole. Aliziacha kwenye shimo la mti wa mugumo, akachukua nyingine zilizokuwa zinasubiri, akarudi. Walimkamata mwaka wa pili. Alinionyesha kidole cha shahada cha mkono wa kulia ambacho hakikunji, kisha akakirudisha mapajani na hakukitaja tena.

Niliandika: "Nilisaidia wapiganaji wa uhuru kwa kupeleka barua." Nikamsomea. Akatikisa kichwa. "Usiandike nilisaidia. Andika nilibeba." Nikafuta, nikaandika nilibeba.

Nikamuuliza barua hizo zilisema nini. Alinitazama kwa mshangao wa kweli. Angejuaje? Hakujua kusoma. Alibeba maneno ya watu kwa muda wote huo, yakampotezea kidole, na hakuna hata moja aliloliona maana yake. Kusoma alijifunza ukubwani, kwenye madarasa ya ngumbaru, watoto wake wakiwa tayari shuleni. Mwisho wa barua nilimsogezea kile kidau cha wino wa gumba kama ninavyowafanyia wazee wengi. Alikisukuma kando. Akaomba kalamu, akaishika kati ya kidole cha kati na gumba kwa sababu cha shahada hakikunji, akaandika majina yake yote matatu, polepole, herufi kubwa kubwa zikipanda juu ya mstari. Mjukuu alitaka kumshikia karatasi. Akamwambia aache.

Tangu siku ile, mtu akiniambia Kimathi ni shujaa wa taifa, mimi namwona akiwa mwisho wa mlolongo wa watoto wenye viondo. Bila wao angekuwa mtu mmoja anayejiandikia msituni.

Fundi wa simu aliye mlango wa pili kutoka kwangu ametoka Kano, upande wa Kisumu, na tumeshabishana sana kuhusu hili neno "taifa". Yeye ana Luanda Magere wake, aliyekuwa na mwili wa jiwe hadi siri ya kivuli chake ilipotoboka, na anauliza kwa nini chui wa Nyeri awe wa Kenya nzima na jiwe la Kano libaki la Wajaluo. Swali ni la haki. Mpwani atamtaja Mekatilili wa Menza, aliyewaamsha Wagiriama mwaka 1913, akapelekwa uhamishoni Kisii na kutoroka akarudi kwao kwa miguu. Mnandi atamtaja Koitalel arap Samoei, aliyepigwa risasi mwaka 1905 alipoitwa kwenye mazungumzo. Na ni kweli kwamba waliojaa msituni Nyandarua na Mlima Kenya walikuwa Wagikuyu, Waembu na Wameru. Kusema vingine ni kudanganya. Ninachomjibu fundi ni kwamba Kimathi na wenzake, walipokuwa na njaa na chawa na ndege zikiwamwagia mabomu, walikaa wakachagua jina la baraza lao, na jina walilochagua ni la Kenya. Waliiandika Kenya kwenye karatasi wakati nchi yenyewe ilikuwa bado mali ya mtu mwingine. Kwangu hilo linatosha kumweka pale barabarani. Wengine nao wawekwe, na Mekatilili angekuwa wa kwanza kwenye orodha yangu. Fundi bado anataka Magere.

Juni 2024, vijana walipoandamana kupinga Mswada wa Fedha, saiba yangu ilijaa mabango. Nilichapa hadi wino ukakauka. Wengi walileta maneno yale yanayosemwa ni ya Kimathi, kwamba afadhali kufa umesimama kuliko kuishi umepiga magoti. Niliwaambia kwamba maneno hayo husemwa pia kuwa ya Emiliano Zapata wa Meksiko, na wakajibu basi wote wawili walisema kweli, chapa. Nikachapa. Msichana mmoja alileta picha. Ilikuwa ile ya machela, yenye pingu. Aliitaka kubwa, ya karatasi ya A3, na aliikagua kwa makini kama imetoka vizuri machoni. Picha iliyopigwa ili bibi yake aone aibu, yeye alikwenda kuinua juu ya kichwa chake katikati ya moshi wa vitoa machozi. Baadhi ya waliotoka siku zile hawakurudi makwao. Wazazi wao nao wamekuja kuchapa barua.

Mukami Kimathi alifariki tarehe 4 Mei 2023 akazikwa Njabini. Kwa miaka zaidi ya sitini aliomba kitu kimoja, apewe mifupa ya mumewe amzike. Mwaka 2019 wakfu wenye jina la Kimathi ulitangaza kwamba kaburi limepatikana Kamiti, serikali ikakanusha, mambo yakaishia hapo. Mama aliomba kwa mdomo na kwa maandishi, kwa marais waliofuatana, na akaenda bila jibu. Gereza linajulikana lilipo. Tarehe inajulikana. Gereza huweka daftari la kila anayeingia na kila anayetoka, hai au maiti, na sitaki kuamini kwamba ukurasa wa 18 Februari 1957 haukuandikwa na mtu fulani kwa mkono wake.

Kwa hiyo nina ombi kwa wasomaji wangu. Kama kwenu nyumbani kuna karatasi za miaka ile, kipande cha guka, yaani kitambulisho cha babu cha enzi za mkoloni, pasi ya kutoka kijijini, risiti ya faini, barua ya kizuizini kutoka Manyani au Hola, hata picha iliyoliwa na mende, msiitupe mkihamisha vitu vya marehemu. Msiipake gundi wala msiitie laminesheni, inaharibika zaidi. Iwekeni kwenye bahasha ya karatasi, mbali na jiko. Jumamosi mchana saiba huwa tulivu, na karatasi za namna hiyo naziskani bure, nawapa nakala kwenye flashi na asili mnarudi nayo. Mkija na mzee mwenyewe, nijulisheni mapema ili fundi wa simu na mimi tumsaidie kwenye ngazi.